Tulipoteza Elfu Tisa Kabla ya Kuona Samaki: Jinsi ya Kupanga Safari ya Kuvua Trauti Nyeri

Tuanze na ukweli wenye aibu kidogo. Sisi ndio tunaokuandikia kila mara usitume pesa kwa mtu usiyemjua. Sisi ndio tunaochora yale mabango ya "soma jina kabla ya kubonyeza". Na Julai iliyopita, sisi hao hao tulimtumia mkora Sh9,000 tukimshukuru na kumtakia siku njema.

Tungeweza kunyamaza. Lakini tumeona ni afadhali tukusimulie yote: safari tuliyokuwa tunapanga, mahali tulipoteleza, na jinsi tulivyofika mtoni hatimaye. Kama unapanga safari yoyote na marafiki, hata kama hujawahi kushika ndoana, kuna kitu chako hapa.

Wazo lilitoka wapi

Ofisini kwetu kuna dereva tunayemwita Mzee. Alikuwa anastaafu mwisho wa Septemba. Amezaliwa upande wa Othaya, Kaunti ya Nyeri, karibu na Mto Gura. Siku moja tukiwa tumekwama kwenye foleni Thika Road, tulimuuliza akistaafu atafanya nini. Akacheka, akasema atalima, atalala, na labda atavua samaki.

"Samaki Nyeri, Mzee?"

"Nyinyi watoto wa Nairobi hamjui kitu. Mto wetu una trauti. Nikiwa kijana nilikuwa nabeba mizigo ya wageni waliokuja kuvua. Nilibeba miaka mitatu. Lakini ile fimbo yao sikuwahi kuishika hata siku moja."

Alisema hivyo kisha akaongea mambo ya matatu iliyotuziba njia. Lakini sisi sita tuliokuwa nyuma tuliangaliana. Zawadi ya kustaafu ilikuwa imepatikana. Si saa ya ukutani wala blanketi: tungempeleka Mzee Gura, na safari hii fimbo ingekuwa mkononi mwake.

Trauti walifikaje Kenya

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Waliletwa. Mwaka wa 1905, Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliingiza trauti wa kahawia kutoka Scotland katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua, wenye ule mstari wa waridi ubavuni. Leo hao wa upinde wa mvua ndio utakaowapata zaidi katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya, na kuna kituo cha serikali kule Kiganjo kinachozalisha vifaranga vyao.

Mbona wanapatikana milimani tu? Kwa sababu trauti anataka maji baridi, safi, yanayokimbia. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi, na mto unaogonga mawe unaichanganya vizuri. Ukimpeleka kwenye mto wa joto na matope, hamalizi siku nyingi. Ndiyo maana ukikuta trauti wamestawi mahali, jua kwamba maji ya hapo bado yana afya.

Kuchagua wakati: kabla ya vuli

Jambo la kwanza kupanga si pesa, ni mvua. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Mvua ikinyesha sana mlimani, mto unajaa, unageuka rangi ya chai ya maziwa, na samaki haoni chambo chako. Pia unaweza kusombwa, na hilo si la mchezo.

Kwa hivyo kuna nafasi mbili nzuri: Januari na Februari, au kile kipindi cha kabla ya vuli, Agosti mwisho hadi Septemba. Sisi tulichagua katikati ya Septemba. Mto ulikuwa umepungua, maji yalikuwa yanaonyesha hadi mawe ya chini, na Mzee alikuwa bado ana wiki mbili za kazi.

Bajeti: tuliiandika, hatukuikisia

Tulikuwa watu saba, lakini walipaji sita, maana Mzee alikuwa mgeni wa heshima. Hii ndiyo hesabu tuliyoandika kabla mtu yeyote hajatoa shilingi:

- Matatu Nairobi hadi Nyeri, kwenda na kurudi, watu saba: Sh8,400
- Malazi usiku mbili: Sh21,000
- Chakula: Sh14,000
- Gari la kutoka mjini Nyeri hadi mtoni: Sh5,000
- Leseni za kuvua na kukodi fimbo: Sh7,000
- Kiongozi wa mtoni: Sh4,000
- Dharura: Sh6,000

Jumla Sh65,400. Gawanya kwa sita, ni Sh10,900 kila mtu. Ukitaja pesa hizo kwa mkupuo, mtu anakumbuka ghafla ana harusi ya binamu. Lakini gawanya kwa wiki kumi: Sh1,090 kwa wiki. Hapo hakuna aliyelalamika.

Bei zako zitakuwa tofauti, na ada za leseni hubadilika, kwa hivyo ulizia kwanza. Tunachosisitiza ni ule mstari wa mwisho. Watu wengi huandika bajeti ya mambo yakienda sawa. Dharura haina adabu, haiombi miadi.

Tulifungua akaunti ya kikundi yenye wasimamizi wawili, mweka hazina na msaidizi wake, ili pesa zisikae kwa simu ya mtu mmoja. Kila Ijumaa mchango ukiingia, mweka hazina anaandika kwenye kundi letu: nani ametoa, nani bado, jumla ni ngapi. Pesa ikionekana na wote, hakuna minong'ono.

Tulivyochomwa

Wiki ya pili tulikuwa na Sh13,080. Mmoja wetu akapata ukurasa mtandaoni wenye picha tamu: nyumba za mbao, moto unawaka, mto unapita mlangoni. "Vua trauti Gura ukiwa kwenye veranda yako, Naro Moru." Usiku mbili, watu saba, Sh21,000. Bei iliingia kwenye bajeti yetu kama ufunguo na kufuli. Hilo pekee lingetushtua.

Tulipopiga simu, jamaa alikuwa na sauti ya upole. Akasema nafasi imebaki moja na kuna kikundi kingine kinaulizia. Akataka Sh9,000 za kushikilia nafasi. Tulipoomba namba ya kulipia ya biashara, akasema, "Paybill yetu iko na shida leo. Tuma kwa hii namba yangu, nitawaandikia risiti."

Tukaingiza namba. Jina likatokea kwenye skrini, jina la mtu, halifanani hata kidogo na la ile biashara. Tukamuuliza. "Huyo ni mhasibu wetu." Basi tukabonyeza.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu akapiga tena: anataka Sh12,000 zilizobaki kabla ya jioni, la sivyo nafasi inaenda. Tukaanza kuchanga haraka haraka, kila mmoja atoe ya wiki mbili mbele. Pesa zilikuwa zinaingia mweka hazina alipoteremka kwenye maegesho kumuuliza Mzee, kwa mzunguko ili asijue ni zawadi yake, kama barabara ya Gura kule Naro Moru ni nzuri.

Mzee akaweka gazeti chini. "Gura haipiti Naro Moru, msichana wangu. Naro Moru iko upande wa Mlima Kenya. Gura inatoka Aberdare, inapita kwetu. Ni nani amekuambia hayo?"

Mweka hazina alipanda ngazi mbio, hakungoja lifti.

Tulipiga huduma kwa wateja, yaani wenzetu wa ghorofa ya chini, ambao walitusikiliza bila kucheka (walicheka baadaye). Zile Sh9,000 zilikuwa zimetolewa dakika kumi na moja tu baada ya kuingia. Namba ikaripotiwa, tukaenda kituo cha polisi tukapewa namba ya OB. Pesa haijarudi hadi leo. Zile Sh12,000 ndizo zilizookoka, kwa sababu mtu mmoja aliuliza swali kwa mwenyeji.

Tulichojifunza hapo

Alama zote za wizi zilikuwa mbele yetu, na tunazijua kwa kichwa. Tuziorodheshe, labda safari hii zitatuingia:

Moja, haraka. Biashara ya kweli inataka pesa yako, lakini inaweza kungoja hadi kesho.

Mbili, njia ya kulipa iliyobadilishwa dakika ya mwisho. Paybill ikiwa na shida leo, lipa ikipona.

Tatu, jina. Lile jina linalotokea kabla ya kuweka PIN si pambo. Lisome kwa sauti, hata kama watu wa matatu watakuangalia. Lisipolingana na unayemlipa, simama hapo.

Nne, mahali pasipokuwepo. Tafuta mwenyeji, muulize. Kama huna mwenyeji, piga simu kwa duka au hoteli nyingine ya eneo hilo uulize kama jirani yao yupo kweli.

Tano, ukigundua umetuma pesa vibaya, piga simu saa hiyo hiyo. Usingoje kwanza uone aibu. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya aliyeipokea, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu sana.

Kuhusu ile Sh9,000, tulikuwa na mjadala mkali. Wengine walitaka tuchukue kwenye dharura na tuongezee kidogo tu. Tukakataa. Kila mmoja aliongeza Sh1,500, safari ikatugharimu Sh12,400 kila mtu, na ile Sh6,000 ya dharura ikabaki ilivyo. Shukuru Mungu, maana tuliihitaji.

Kulipa vizuri mara ya pili

Safari hii tulichukua nyumba ya wageni mjini Nyeri, ya kawaida, maji ya moto yapo. Kwanza mtu wetu mwenye shangazi Nyeri alimwomba apite aone. Kisha tukalipa kwa till, jina la biashara likatokea sawasawa, tukalipa nusu na nusu nyingine tukalipa tulipofika. Meseji zote za malipo tulizipeleka kwenye kundi, ili namba ya muamala isipotee na simu ya mtu mmoja.

Leseni ni lazima, hata kama unavua kwa starehe tu. Ulizia ofisi ya uvuvi ya eneo unalokwenda kabla ya kusafiri. Ukitaka kuvua ndani ya mbuga ya Aberdare au ya Mlima Kenya, kuna kiingilio cha KWS pia, na malipo ya serikali sasa hupitia eCitizen. Fungua mwenyewe eCitizen, usifuate kiungo ulichotumiwa na mtu, na usikubali mtu akulipie "kwa bei ya ndani".

Sisi tulivua nje ya mbuga, chini ya msitu. Aberdare imezungushiwa ua wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka wa 2009, kuzuia tembo na nyati wasiingie mashambani. Hata hivyo, usiende mtoni bila mwenyeji. Anajua ni wapi pa kuvuka, ni shamba la nani unapita, na ni wapi ukisikia tawi linavunjika unapaswa kukimbia.

Vitu vya kubeba? Gambuti, koti la mvua, sweta mbili, kofia na chupa ya chai. Asubuhi ya Nyeri haina huruma. Makoti yetu yalitoka Gikomba, na hakuna samaki aliyeuliza yalinunuliwa wapi.

Mtoni

Tulifika Gura saa moja asubuhi, ukungu bado umelala bondeni. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu. Yeye na Mzee wetu walisalimiana kwa Kikuyu muda mrefu mpaka tukaanza kutetemeka. Sisi tukamwita Guka, na akakubali.

Guka alitufundisha kwamba uvuvi huu hautumii minyoo. Chambo ni mdudu wa bandia, manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo ili vifanane na nzi aliyeanguka majini. Mdudu huyo hana uzito, kwa hivyo unachorusha ni mshipi wenyewe, ambao ni mzito, nao unambeba. Unapeleka fimbo nyuma, unangoja mshipi unyooke, kisha unaipeleka mbele. Ule mngojo mfupi ndio kazi yenyewe. Ukiharakisha, unavua kichaka kilicho nyuma yako. Sisi tulivua vichaka vingi sana.

Trauti hukaa akitazama mto unakotoka, akingoja maji yamletee chakula. Kwa hivyo unamwendea kutoka chini ya mto, kwa mgongo wake, polepole, bila kumwangushia kivuli.

Mzee hakuhitaji kuelezwa mengi. Alipopewa fimbo aliishika kwanza bila kurusha, akaipima, akaikunja kidogo aone inavyorudi. Kisha akasema, "Kumbe ni nyepesi hivi." Miaka yote hiyo alikuwa amedhani ni nzito.

Saa nne hivi, mmoja wetu akiinama kupiga picha, simu ikamponyoka mfukoni ikaingia Gura. Ilikuwa simu ya mweka hazina. Kimya. Watu wakaangaliana kama pesa zote zimekwenda na maji.

Hapa ndipo tukawa walimu tena. Pesa haikai ndani ya simu, inakaa kwenye akaunti. Anayeokota simu yako bila PIN hana kitu. Msimamizi wa pili alikuwa na simu yake, ila bondeni hakukuwa na mtandao, hata mstari mmoja. Bahati nzuri, tulikuwa tumegawana pesa taslimu kidogo, noti ndogo, kwa watu wawili. Guka alilipwa pale pale, bila "ngoja nitakutumia nikifika mjini". Mchana, tukiwa Nyeri, mweka hazina alibeba kitambulisho akaenda kurudisha laini yake, na simu ndogo ya vibonyezo ikanunuliwa kwa pesa za dharura. Jioni alikuwa anatuma ripoti ya kundi kama kawaida.

Na samaki? Sisi sita tulipata wawili kwa jumla. Wote wadogo, tukawarudisha. Mzee alipata mmoja, karibu saa sita, kwenye kidimbwi kilicho chini ya jiwe kubwa. Mshipi ulikaza, fimbo ikapinda, na sisi sote tukaanza kupiga kelele za ushauri ambao hakuuhitaji. Alimvuta taratibu, akalowesha mikono kwanza kama Guka alivyotuambia, ili asimtoe utelezi unaomkinga ngozi, akamwinua. Mstari wa waridi ubavuni, madoa meusi mgongoni. Alikuwa mkubwa wa kutosha kuliwa.

"Mzee, tumkaange?"

Alimtazama kidogo, akamshusha majini akimshika mpaka alipopata nguvu. Kisha akafungua mkono.

"Wale wageni walikuwa wakifanya hivyo," akasema, "na mimi nilikuwa nawaona wajinga." Akafuta mikono kwenye koti. "Haya, twendeni. Mke wa ndugu yangu ametupikia mukimo."

Kabla hujapanga yako

Andika bajeti, ongeza dharura, na usiiguse hadi dharura ije. Changeni kidogo kidogo, kila wiki, mbele ya wote. Wawekeni wasimamizi wawili. Lipeni kwa till au paybill ya biashara, na someni jina kabla ya PIN. Hifadhini meseji za malipo mahali zaidi ya pamoja. Bebeni pesa taslimu kidogo, maana mlimani mtandao ni wa kubahatisha. Na kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa mahali usipopajua, tafuta mtu wa huko umuulize mto unapita wapi.

Safari yako ijayo ni ya wapi? Kama una mwenyeji wa huko, mpigie leo. Na PIN yako ibaki siri yako, hata kwa mhasibu mwenye sauti ya upole.